Baba, Giza Lile Halina Dagaa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kaa vizuri huko uliko, kwa sababu safari hii nimekushinda.

Unakumbuka likizo ile ya kidato cha sita, niliporudi nyumbani Katonga, kando ya ziwa, kichwa kimejaa fizikia? Redio ilikuwa ikizungumzia mabomu ya nyuklia, ukaniuliza mbele ya wavuvi wenzako: yakilipuliwa yote duniani kwa mpigo, sisi wa Kigoma itakuwaje? Ukajijibu mwenyewe kwamba huku ni mwisho wa reli, bomu litachoka njiani. Nikakueleza kwamba si lazima bomu litufikie. Miji mikubwa ikiungua, moshi wake utapanda juu kuliko mawingu, mahali ambapo mvua haiwezi kuuosha. Utaizunguka dunia na kulifunika jua, pengine kwa miaka.

"Giza?" ulisema. "Mwanangu, giza ndiyo riziki yetu. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawazifuati taa zetu, tunakaa bure nyumbani. Jua likizimwa si tutavua mwezi mzima?"

Ufuko wote ulicheka. Kisha ukagawa kitoweo kwa kila aliyekuwa kwenye mazungumzo, na beseni likanipita. "Wewe utakula nyumbani," ulisema. Iliniuma, Baba. Nilikupenda sana, na nilitaka unihesabu miongoni mwa wanaoongea, si miongoni mwa wanaolishwa tu.

Ulifariki kabla sijakujibu. Sasa nafundisha shule huko Mwandiga, na Jumamosi iliyopita nilishuka Katonga kununua dagaa. Redio ilikuwa inasema yale yale. Mzee Rashidi, uliyekuwa ukivuta naye wavu, aliponiona akaanza uchokozi.

"Binti, baba yako alisema giza ndiyo riziki. Ulishapata jibu?"

Nilikuwa nalo siku nyingi, nikikosa wa kumpa.

"Shikamoo Mzee," nikasema. "Dagaa wanakula vijidudu vya majini. Vijidudu vinakula mimea midogo tusiyoiona, na mimea hiyo inaishi kwa jua. Jua likifunikwa, taa zenu zitamwita nani? Mkipata hata ndoo moja, mtaianika wapi? Na mahindi ya Kidahwe yatadumaa kwa baridi, hata ugali hakuna."

"Lakini taa tunazo," Mzee akajitetea.

Nikamwonyesha mchangani. Pembeni ya dagaa walioanikwa, paneli za sola zilikuwa zimelazwa juani zikichaji taa hizo hizo za kuvulia. Enzi zako zilikuwa karabai za mafuta ya taa, Baba. Jibu tamu namna ile ningelipata wapi siku zile?

Mzee Rashidi alicheka mpaka akakaa chini. "Ametushinda," alisema, "na marehemu naye kashindwa." Akajaza beseni dagaa wabichi, akanikabidhi. "Hiki si kitoweo cha baba yako. Ni chako."

Nilitamani uwepo unibishie, maana najua usingekubali kirahisi. Mabomu bado yapo, na nikiwatazama wanafunzi wangu huwa naogopa. Lakini siku ile hakuna aliyeyalipua. Niliwaanika dagaa wangu pale pale Mama alipokuwa akianika, na jua lilikuwa kali, safi, letu sote. Kufikia alasiri walikuwa wamekauka. Nikawakaanga hapo hapo ufukweni, nikala pamoja na wanaoongea.

Pumzika, mbishi wangu.

Kitindamimba wako