Chembe Zilizojipigia Kura

Mdogo wangu,

Jumanne tarehe tisa, saa tisa alasiri, tulipoteza kazi ya miezi kumi na minne. Hata hivyo salamu ni haki yako: natumaini u mzima huko likizoni, na wifi yangu na mtoto hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Mkuu wa kikundi alituita, akabandika ukutani michoro yetu miwili. Wa kwanza ulikuwa wa migongano mikubwa ya viini vya atomi za madini ya risasi: chembe elfu mbili zinatoka pamoja kama maji yanayofuata mkondo, na nguvu ya mkondo ni asilimia sita. Huo hauna ubishi. Wa pili ulikuwa wa migongano midogo, chembe mia tu, nasi tulitangaza asilimia kumi na moja. Akauliza tangu lini kijito kikaushinda mto.

Kisha akafungua programu uliyoiandika. Sheria unaijua: kabla ya kupima kama chembe inafuata kundi, unaitoa kwanza kwenye kundi, isije ikalinganishwa na nafsi yake. Mstari wa sheria hiyo haukuwemo. Kati ya elfu mbili, chembe moja si kitu. Kati ya mia, inavuruga hesabu nzima. Akasema chembe zetu zimejipigia kura. Watu wakacheka, hata fundi wa sumaku, ambaye hucheka mara moja kwa mwaka. Tuliporudia, kumi na moja ikawa tano.

Kinachoniuma ni kwamba umeshaiandikia kamati ya uchunguzi kuwa aliyesaini matokeo ni mimi, kwa hiyo wewe huna la kujibu. Niliingia maabara hii kuvuta nyaya, nikasoma hesabu baada ya zamu, nikakushika mkono ukaajiriwa. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Sasa la kwangu. Niliona mstari ule haupo siku tatu kabla ya kusaini. Nikajiambia nitakuuliza kesho, na kesho sikukuuliza, kwa sababu kumi na moja ilinipendeza. Hilo nitaiambia kamati Ijumaa, na kiti changu najua kitakwenda.

Lakini nimepekua kumbukumbu za programu, ambazo kamati haijazifungua. Mstari ulikuwemo. Uliufuta wewe, tarehe mbili mwezi uliopita. Kama uliteleza, nitasimama mbele yao peke yangu. Kama ulitaka namba ipande, tutaingia wawili.

Msalimie wifi, umbebe mtoto kwa niaba yangu. Sitaki maelezo. Kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi niandikie neno moja: uliteleza, au ulikusudia?

Dada yako