Mholanzi wa Baba Neema

Champlin, Jumapili, Oktoba 2014

Huyu mume wangu ataniua kwa aibu.

Leo kwa maombi ya nyumbani, tulipoulizwa mahitaji ya kuombewa, Baba Neema alisimama akaomba tumwombee kijana aliyefutwa kazi mara mbili. Hakusema kwamba kijana mwenyewe ni Mholanzi, dereva wa mbio za magari, na hatujawahi kumwona isipokuwa kwa televisheni. Alishinda mbio, timu ikamtema, akapata nyingine, sasa na hiyo imemtema.

Watu wazima wakafunga macho wakamlilia Mungu. Baadaye Mama Kevo akanivuta kando: huyo kijana anaweza kufanya shifti za usiku kule kwao kazini, kwa nyumba ya kutunzia wazee? Nikasema nitamuuliza.

Mimi mwenyewe nimeanguka mtihani wa unesi mara mbili, na nilimkataza Baba Neema asimwambie mtu. Kusema kweli, hajamwambia mtu.

Lakini alipoomba, "Bwana, mpe moyo wa kujaribu mara ya tatu," alikuwa ameushika mkono wangu, na aliukaza mpaka pete ikaniuma.