Kura Thelathini za Bomba la Kuserereka

Lamont, natangaza kwa majonzi: nimeliua jiko la Bibi.

Leo tulichagua kitakachoingia kwenye jengo jipya la jumuiya yetu sisi watu weusi wa mtaa. Nafasi ya kitu kimoja ilibaki, kila mtu kibandiko kimoja cha kupigia kura. Bibi Ernestine akabandika chake kwenye picha ya jiko. Unajua anavyowakaangia wafiwa kuku kila baada ya maziko.

Mimi nikaiba vibandiko thelathini. Vyote kwenye bomba la kuserereka kutoka paani. Utani tu!

Msanifu wa jengo akahesabu. "Furaha imeshinda! Jiko linatoka kwenye mpango."

Linatoka, Lamont! Ukumbi ukashangilia. 

Bibi naye akapiga makofi. Kisha akaninong'oneza, "Mjukuu wangu, kumbe miaka yote walikuwa wanakula kuku wangu kwa adabu tu."