Nilichomficha Daktari wa Ndunge

Njiru, Nairobi
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa dada Nzisa,

Hujambo huko Doha? Mgongo umepoa, au bado wanakupandisha ngazi na ndoo za maji? Sisi tunapumua. Mke wangu Kezia anakusalimia sana.

Dada, barua hii nimeirarua mara mbili. Nilikuambia kwa simu kwamba mwanao Ndunge ana minyoo. Haikuwa minyoo.

Tangu Januari nilikuwa nikiyeyusha betri kuukuu za magari nyuma ya jikoni, niuze madini ya risasi yaliyomo. Kezia alinikanya kuhusu ule moshi, nikamfokea. Ndunge alicheza pale pale kila akitoka shule.

Mwezi wa tatu tumbo likaanza kumsokota, akapauka, akasahau hata hesabu alizozijua. Kliniki, Daktari Sahro aliniuliza kama nyumbani kuna kazi ya betri au rangi. Nikamwambia mimi ni dereva tu. Niliogopa kushtakiwa. Tukarudi na dawa za minyoo.

Aprili akazidiwa. Daktari akapima damu, ikakutwa na risasi nyingi. Kipimo cha kawaida cha figo kilikuwa sawa, nikashusha pumzi. Kumbe kulikuwa na kingine, cha kimeng'enya, kemikali ya ndani ya figo, kwenye mkojo. Alinieleza kwamba sumu ikianza kuumiza figo, kimeng'enya hicho humwagika kwenye mkojo mapema, kabla vipimo vingine havijaonyesha kitu. Cha Ndunge kilikuwa kimepanda sana.

"Bwana Munyoki," akasema, "mkojo wa mtoto umeshasema. Wewe je?"

Nikasema yote, Ndunge akiwa magotini pangu. Mtoto akaniangalia. "Anko, ni mimi nilikosea kucheza pale?" Kezia, aliyekaa kando yetu, ndiye aliyemwambia hapana.

Zile wiki tatu nilizokuambia yuko Mwingi kwa mama, alikuwa wodini.

Kazi ile nimeiacha. Maafisa wa afya walikuja kuchota udongo, nasi tumehama ploti. Jumatano alipimwa tena: risasi imepungua, kimeng'enya kimeshuka. Daktari anasema figo zitapona. Kuhusu masomo hakuniahidi kitu.

Kesho jioni Ndunge atakupigia. Nitakaa kando yake. Niulize lolote, nitajibu mbele yake. Ukiamua aende kwa mama, nitampeleka mwenyewe.

Nisalimie Wanza mnayeishi naye. Mungu akushike mkono unaposoma haya.

Mdogo wako akupendaye, ingawa kwa aibu,
Munyoki