Ngoja Unenepe Kwanza

Brussels, Jumapili mchana

Maman wangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo nyumbani Cimpunda. Mgongo unaendeleaje? Na kikohozi cha asubuhi? Mimi niko mzima. Najua huamini, ndiyo sababu naandika, maana kwenye simu unaanza kulia kabla sijasema neno.

Tangu Jumanne maneno yako hayanitoki: «Mutoto yangu, usikuje sasa. Ngoja unenepe kwanza. Bamama ba kanisa baliona foto yako, banasema uko na ile ugonjwa.» Misa ya kumaliza kilio cha Papa ni mwezi ujao, halafu mimi binti yake, kifungua mimba, nibaki huku? Iliniuma, Maman. Iliniuma sana.

Lakini kosa la kwanza ni langu, nilikuficha. Ile wiki niliyokwambia kazi ni nyingi, nilikuwa hospitali. Walinipasua, wakapunguza mfuko wa chakula. Nilijua ungesema nimekata alichoumba Mungu.

Kabla ya hapo wewe ulifurahia unene wangu, ukawaambia majirani: «Bulaya ilimupokea muzuri!» Hukuyaona magoti yangu yalivyovimba. Kazini, nikiwaosha wazee, nilishika ukuta kuliko wao wenyewe. Daktari alinieleza kwamba mafuta yakizidi hayakai kimya. Yanauchochea mwili upigane hata pasipo adui, na ndani kunawaka moto unaoharibu viungo, mishipa na moyo. Waliuona kwenye vipimo vya damu. Baada ya upasuaji kilo zilishuka, na moto ule ukashuka nao pole pole. Daktari hajasema nimepona. Nameza vitamini kila siku, na nywele zinakatika. Ila sasa naweza kupiga magoti kanisani na kuinuka bila msaada.

Unakumbuka uliponiambia nile bugali mbele ya simu ili uone? Nilimaliza sahani nzima, na samaki wadogo wa sambaza juu, ukapiga vigelegele. Nilipokata simu nilitapika hadi nikalala sakafuni. Tumbo langu linapokea vijiko vichache tu. Sitarudia tena, hata kwa ajili yako.

Papa naye alikuwa na tumbo lililosifiwa na mtaa mzima. Alipoanguka ghafla, tulitafuta mchawi. Sijui kama ni moto kama wangu uliomchukua, hakuna aliyempima. Lakini niliogopa, Maman. Sikutaka unizike na mimi.

Nisalimie mama mdogo wa kule Nguba. Mwambie ahsante kwa dawa zake za kunenepesha, lakini asitume nyingine. Msalimie Ciza, mdogo wangu, na mkewe.

Tikiti nimekwisha nunua. Nitashukia Kigali, nipande basi hadi mpakani, nivuke daraja la Ruzizi kwa miguu. Ukiona haya kutembea nami, nitakwenda kaburini kwa Papa peke yangu, sitakulaumu. Lakini nakuomba, mzazi wangu: tupite barabara kubwa, mchana, unishike mkono huu mwembamba, na watu waone ni wa mwanao.

Binti yako,
Nabintu