Kitabu cha Nyota cha Mama Ngalula

Mujukuu wangu Ilunga,

Jambo sana. Hapa Kolwezi tuko wazima, dada yako amejifungua salama. Unaniuliza usome vitabu gani vya mambo ya kweli.

Watu wa Kasai walipofukuzwa hapa kwetu, nyumba ya jirani yetu Mama Ngalula, naye Mkasai, ilibaki bila watu. Mchana mmoja nikasikia mtu anasoma ndani. Nikaingia. Alikuwa yeye, ametoka gare, kwenye stesheni walikokuwa wakingojea treni ya kuwarudisha kwao, anavisomea viti vitupu kitabu cha nyota za mbinguni.

“Mama, batoto bako wapi?”

“Ikala hapa. Balitaka kujua mwisho.”

Nilikuwa nimesikia kwamba homa imewamaliza watoto wake kule gare. Nikakaa. Akasoma mpaka ukurasa wa mwisho, akainuka, akarudi kwenye treni.

Tafuta vitabu vya namna hiyo, Ilunga. Anza na cha nyota. Kikikushika, usikiache katikati.

Ni mi, nkambo wako.