Maua Ambayo Mama Hakuchuma

Molo

Dada yangu Nasimiyu,

Nina miaka sabini na tisa. Nimeishi miaka mingi kuliko mzungu wa shamba na kuliko manyapara wote waliotupigia kelele, na meno yangu mengi bado yapo. Wewe je, huko Bungoma magoti yamepoa? Shemeji bado anakataa dawa? Mimi ni mzima, baridi ya Molo hainiwezi.

Dada, nimekuwa mwigizaji. Usicheke. Vijana wa kanisa wametengeneza mchezo wa kambi yetu ya wachuma maua ya pareto, kwa sababu wazee tunaisha na mambo yetu hayajaandikwa mahali. Walikuja kuniuliza mimi, wangemuuliza nani mwingine? Anayewafundisha ni Wanjiru, msichana mkaidi karibu kama mimi.

Siku ya mazoezi yule anayeigiza Mama, anaitwa Chelangat, muuza viazi, akaanza kulia juu ya kaburi la mtoto. Nikasema, simameni hapo.

"Mzee, watu wanataka machozi," Wanjiru akasema.

"Machozi ya nani? Mama alikuwa na kikapu cha kujaza."

"Sasa alifanya nini?"

Nikawaambia. Kwamba kambini tulizika watoto pembeni mwa pareto, bila jiwe wala msalaba. Kwamba Mama akifika pale alipolala ndugu yetu mdogo, hachumi, anaruka. Maua yanabaki meupe, yamefunguka, ndiyo ilikuwa alama yetu. Nyapara anamtukana, kikapu kinapimwa kinapungua uzito, na kesho anaruka tena.

Chelangat akasema, "Hiyo nitaweza."

Mimi wakanipa unyapara, kwa ajili ya sauti. Unaijua sauti yangu. Jumapili uwanja wa kanisa ulijaa. Chelangat anachuma, anafika, anaruka. Nikanguruma, "Wewe mama, hapo umeacha nini?" Akajibu vile Mama alikuwa anajibu, bila kuinua kichwa: "Nimeacha mtu amelala."

Ilikuwa zamu yangu kumtukana. Mdomo ukakataa, mimi ambaye hakuna kitu kimewahi kunishinda.

Hapo mama mmoja mzee akasimama huko nyuma akasema, "Wangu aliyelala ni Wambui." Mwingine, "Wangu ni Kiprono." Wakasimama hivyo, watu tunaokutana nao sokoni miaka yote na hawajawahi kusema. Leo pale palipokuwa na pareto ni viazi tupu, hakuna ajuaye nani amelala wapi.

Wanjiru akanitazama. Sikulitaja jina la wetu. Wewe ndiye ulimbeba mgongoni, wewe ndiye ulimwosha na Mama. Mimi siwezi kukutangulia. Tutaigiza tena viazi vikishavunwa. Njoo ulitaje. Magoti yakikataa, nitumie ruhusa, nami nitavua koti la nyapara kwanza, ndipo niliseme.

Msalimie shemeji, mwambie dawa si sumu. Na mjukuu wako anayekusomea hii, asome polepole.

Ni mimi mdogo wako, Wekesa.

Ukidhani najisifu, muulize Wanjiru, muulize Chelangat wa viazi, muulize yule mama yake Wambui. Wote waliniona nikinyamaza.